Kopo la Poda kwenye Bomba la Moshi

Ukitaka kumuudhi kinyozi wetu huyu, usimwambie hajui kunyoa. Mwambie baiskeli yake ina kelele. Injini ndogo aliifunga mwenyewe, kwa mikono yake, ili awafikie wateja wanaonyolewa majumbani, na mtaa mzima ukaibatiza ile baiskeli Ngurumo. Ikiwaka, vikombe vinacheza kabatini na kuku wanasahau walichokuwa wakidonoa. Majirani wakilalamika, yeye hucheka: "Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala!" Kisha anakanyaga pedali, huyoo, wao wanabaki na moshi.

Lakini jamani, kila mbabe ana mbabe wake. Wa kinyozi alikuwa binti yake wa pekee.

Binti huyu alikuwa amelelea ujauzito wake hapo hapo kwa wazazi, maana mumewe yuko mbali kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Chumba chake dirisha linatazama uani, pale pale kinyozi anapoipasha moto injini kila asubuhi. Alivumilia miezi yote ile kwa heshima ya baba. Siku aliyorudi kutoka hospitali na mtoto mkononi, hata viatu hajavua, heshima ikafika ukingoni.

"Baba, nakupenda sana," alisema. "Lakini hilo dude likinguruma tena hapa uani, mimi na mwanangu tunahamia kwa mama mkwe. Kwake kimya mpaka unasikia friji linavyowaza."

Kinyozi akanywea. Alikuwa amemsubiri mjukuu huyo mpaka wateja wakachoka kusikia habari zake. Kuna mzee mmoja alinyolewa upande mmoja tu kwa sababu ya hadithi hizo, akaondoka kwa hasira. Sasa aambiwe mtoto anachukuliwa? Thubutu! Tangu siku hiyo akawa anaikokota Ngurumo kimyakimya hadi kona ya mtaa, ananyata kama mwizi wa mbuzi, ndipo anaiwasha.

Haikusaidia kitu. Mtoto alilia. Alilia asubuhi, alilia mchana, alilia huku ananyonya. Nesi alimpima akasema mzima wa afya, hana tumbo, hana homa. Binti, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akakata shauri kwamba kelele za kule kona ndizo zinazomshtua.

"Jumamosi mama mkwe anakuja na gari," alisema. "Nimechoka, baba."

Maji yakamfika kinyozi shingoni. Kazi bila baiskeli hawezi, na nyumba bila mjukuu hataki hata kuifikiria. Akaapa kwamba kabla ya Jumamosi Ngurumo itajifunza kunong'ona.

Jaribio la kwanza, alichukua taulo la kunyolea akalishindilia kwenye bomba la moshi. Injini ikakohoa, ikakwama, kisha, paa! Taulo likaruka likatua usoni kwa jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma.

Jaribio la pili, alilivisha bomba mto wa kulalia na kuufunga kwa kamba. Hakufika hata mwisho wa mtaa, harufu ikamtangulia.

"Ule ni mto wangu?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Ulikuwa," kinyozi akajibu, akiumwagia maji.

"Haya, mume wangu. Wenzio wanabembeleza mtoto kwa mto, wewe unabembeleza injini. Leo utalala na spana kichwani."

Fundi wa kuchomelea, uso ameshauosha, akamhurumia. "Sikia kaka. Injini ni kama mtu, ukiiziba pua itakufa. Iache ipumue, ila ipumulie ndani ya kitu."

Maneno yale yakamkaa kinyozi kichwani. Kesho yake, akimpaka mteja poda shingoni, mkono ukasita hewani. Akaligeuza kopo, akavitazama vitundu vya kifuniko. Poda hutoka kidogokidogo, kwa adabu. Kumbe dawa anaishika kila siku! Kweli kinyozi hajinyoi. Akamwacha mteja mweupe kama andazi la unga mbichi, akakimbia nyumbani.

Alitoboa kipande cha bomba kwa msumari, matundu madogomadogo mwili mzima. Akakizungushia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zote alizozikuta jikoni, akakitumbukiza ndani ya kopo lake kubwa la poda, na kopo akalikaza kwa waya mwisho wa bomba la moshi. Akakata tyubu ya zamani vipande vipande, akavibana kati ya injini na fremu ili chuma kisitetemeshe chuma. Kilichobaki kupiga kelele kilikuwa kibati cha mnyororo. Hapo aliutoa ule ukanda wa ngozi wa kunolea wembe, alioachiwa na marehemu baba yake, akautazama kidogo. Akaukata, akautandika chini ya kibati.

"Nisamehe mzee," alisema. "Ni kwa ajili ya kitukuu chako."

Jumamosi akaijaribu kuanzia kona. Lo! Ngurumo ilitoa sauti ya cherehani inayoshona kwa mbali. Kuku mmoja alikaribia kukanyagwa kwa kutokusikia. Kinyozi akaingia uani amevimba kichwa, anapepea mkono kama rais, akakuta gari la mama mkwe limesimama langoni na mikoba ya binti iko ndani ya buti.

"Umesikia?" alimuuliza binti yake. "Au tuseme, umekosa kusikia?"

Binti akatabasamu kwa uchovu. "Umeweza, baba. Kweli umeweza." Mtoto mikononi mwake alikuwa akilia mpaka kidevu kinatetemeka. "Lakini mwenyewe unamwona. Si kelele. Pengine ni nyumba tu. Acha twende."

Ukanda wa baba ameukata, mto ameuchoma, na mtoto anaondoka vile vile. Kinyozi akageuza baiskeli, injini ingali inawaka, ili apishe gari, macho yamejaa machozi, haoni mbele, akaligonga jiwe la lango.

Waya ukakatika. Kopo likaanguka, likabingirika, na Ngurumo ikalipuka kwa sauti yake yote ya zamani. Masizi yakaruka moja kwa moja hadi kwenye gauni jeupe la mama mkwe aliyesimama kando ya gari.

"Zima!" binti alipiga kelele. "Baba, zi..."

Akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, ngumi imelegea kifuani kwa mama yake.

Kinyozi akaizima injini. Mtoto akakunja uso, akaanza tena: nyaaa! Akaiwasha. Mtoto akashusha pumzi, akalala. Akazima: nyaaa! Akawasha: kimya.

"Hebu acha kumchezea mwanangu!" binti akasema, huku anacheka na kulia kwa pamoja.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akamsogelea kinyozi, akamsemea sikioni, maana injini ilikuwa inawaka.

"Miezi yote ile tumboni, kila asubuhi alikusikia. Kaja duniani, ukanyamaza. Masikini mtoto wa watu alikuwa anauliza, babu yuko wapi?"

Kinyozi akaketi pale pale chini, kando ya jiwe la lango, akalia bila kujificha. Hakuna aliyemcheka. Hata mama mkwe, aliyekuwa akijifuta masizi, alikwenda mwenyewe kwenye buti, akatoa mkoba mmoja, kisha mwingine, akaipeleka chumbani, chumba chenye dirisha la uani.

Alipotoka akainama sikioni kwa kinyozi na kupaza sauti:

"Bwana, na mimi nina baiskeli kuukuu nyumbani! Utanifungia lini injini, ili naye akija kwangu alale?"

Kinyozi akajifuta machozi kwa kitambaa chenye grisi. Akaliokota lile kopo, akalitazama, akamrushia fundi wa kuchomelea ng'ambo ya ukuta.

"Kaka, baki nalo wewe," alisema. "Zibia masikio."