Mwezi Uliopita

"Hata mara moja," alijibu Bi Kazija ukumbini kwake, na Khairat akaandika sifuri ya saba.

Swali lilikuwa: katika mwezi uliopita, mara ngapi umekasirishwa na mambo usiyoyaweza? Sifuri. Umekosa usingizi kwa mawazo? Sifuri. Mwanamke ana saratani ya titi, nywele zimemtoka zote, mume kahamia kwa mke mdogo Tumbe, halafu ati hana neno.

Wagonjwa kumi na mmoja wa Msuka walikwisha kumjibu hivyo hivyo, na wawili kati yao Khairat aliwahi kuwasikia wakilia chooni. Yeye ni mwalimu wa chuo cha Kurani, Kiarabu chake hakina mchezo, ndiyo maana Daktari Hafidh wa Wete akampa fomu hiyo ya wagonjwa wa Uarabuni aitie Kiswahili. Akaitia neno kwa neno, akajisifu. Sasa daktari kamwambia wazi: fomu zikionesha wanawake hawana msongo, mshauri wa kuja kuwasikiliza kila Jumatano hatoletwa.

"Bi Kazija, kweli hukukasirika?"

"Mwalimu nawe. Mwezi uliopita si Ramadhani? Nani atakwambia kakasirika mwezi mtukufu?"

Khairat alihesabu siku. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulikuwa na siku tisa tu tangu kuandama. Kumbe ofisi ina mwezi wake na Msuka ina wake wa kuandama, na yeye mwana wa Msuka hakuliona hilo. Aliona aibu, maana kosa ni lake, si la Mwarabu aliyeitunga fomu.

Akaweka kalamu chini. "Basi hiyo Ramadhani yako ilikwendaje?"

Bi Kazija alitazama mlango kwanza. "Sikufunga hata siku moja. Daktari kanikataza. Maji nikinywa stoo, nimejifungia kama mwizi, wajukuu wasinione. Na leo wenzangu wote wamefunga zile sita za Mfunguo Mosi. Wewe umefunga?"

"Nimefunga."

"Unaona." Akalia bila sauti, kanga mdomoni.

Khairat alitaka kumwambia mgonjwa ana ruhusa, aya anazo. Lakini aya hizo Bi Kazija alizijua kabla Khairat hajazaliwa. Roho ilimuuma. Akachukua kalamu, akakata "katika mwezi uliopita", juu yake akaandika "tangu uanze kuumwa". Kisha akafungua mlango wa mbele.

"Bi Kazija, naomba maji. Jitilie na wewe, tukae barazani."

"Si umefunga?"

"Ya sunna hiyo. Nitafunga siku nyengine."

Wakakaa, kila mmoja na kikombe chake. Jirani alipita na ndoo, akatoa salamu, akavitazama vile vikombe, akenda zake. Khairat alikimaliza chake. Bi Kazija alinywa funda moja, akatulia, akanywa la pili.

"Haya, niulize tena," alisema. "Anzia la kwanza."