Sikio la Gulzar

Ijumaa mchana, baada ya swala na pilau, Nadir Mohamedhussein hakuwa akirudi dukani. Duka lake la vipuri vya baiskeli pale Chumbageni, Tanga, lilibaki limefungwa mpaka kesho yake, na waliomjua hawakujisumbua kugonga. Alipanda juu nyumbani, akafunga madirisha ya upande wa barabarani, akazima feni kwa sababu ya mvumo wake, akaketi na mkewe Gulzar kwenye kochi kusikiliza santuri.

Muziki upo kila nyumba. Wa Nadir alikuwa ameuhangaikia maisha yake yote. Amplifaya yake ilikuwa ya zamani, ya taa za kioo, na spika zake mbili zilimfika kifuani, maboksi yake yamechongwa kwa mvule na fundi Kombo, ambaye mpaka leo anashikilia kwamba mbao nzuri vile zilistahili kuwa kabati. Santuri alizichagua kwa jinsi zilivyorekodiwa, umaarufu wa mwimbaji haukumshughulisha. Kwake albamu nzuri ilikuwa ile iliyorekodiwa na mtu mwenye subira, aliyejua kila maikrofoni aiweke wapi, kisha akakaa pembeni akawaacha watu wapige. Ukiiweka albamu ya namna hiyo kwenye vyombo vizuri, ukafumba macho, spika zinapotea. Unabaki na watu sebuleni mwako. Mwenye ganuni yuko karibu na kabati la vyombo, fidla ziko upande wa dirisha, na mwimbaji amesimama katikati, unamsikia akivuta pumzi kabla ya beti.

Gulzar alipoletwa nyumba ile akiwa bi harusi kutoka Pangani, aliona kwamba ameolewa na mwendawazimu mpole. Alikaa kochini kwa adabu tu. Halafu Ijumaa moja, katikati ya wimbo wa taarabu, alisema kwamba yule mpiga fidla wa nyuma amekalia kiti kibovu. Nadir akarudisha sindano. Kweli, kiti kililia, mara mbili, na yeye alikuwa ameusikiliza wimbo ule miaka bila kukisikia. Toka siku hiyo wakawa wawili. Nadir alijua majina ya mitambo na studio. Gulzar aliwajua watu. Angeweza kukwambia mwimbaji huyu ana mafua, na wapiga dumbaki hawa wawili hawapatani. Binti yao Nida, aliyeolewa Mombasa, alikuwa akiwatania kwamba Ijumaa wazazi wake hawapokei simu kwa sababu wana wageni.

Mwaka jana, majuma machache baada ya Idi, Gulzar aliamka sikio lake la kushoto limenyamaza. Lilibaki linavuma kama kopo lililofunikwa. Walidhani ni maji, wakatia mafuta ya habasoda yaliyopashwa moto. Walikwenda kwa daktari, naye akawapeleka kwa bingwa wa masikio Dar es Salaam. Bingwa alipima akawaeleza kwa upole kwamba mshipa wa kusikia umekufa, jambo linalotokea mara chache na mara nyingi bila sababu kujulikana. La kulia lilikuwa zima kabisa. La kushoto halitarudi.

Gulzar alimshukuru Mungu aliyemwachia moja, akarudi Tanga na shughuli zake. Alijifunza kukaa upande wa kushoto wa watu ili wawe kwenye sikio lake zima, na sokoni alijifunza kugeuka mzimamzima alipoitwa. Hakulalamika. Ijumaa ya kwanza alikaa kochini kama kawaida, akatabasamu kila wimbo ulipokwisha. Ijumaa iliyofuata alisema kichwa kinamuuma. Kisha akawa na choroko za kuchagua, au nguo za mjukuu za kushona, na zote zilimtaka awe jikoni.

Nadir alidhani kasoro iko kwenye vyombo. Alibadilisha sindano, akasogeza spika, akasafisha miguu ya zile taa moja moja kwa pamba. Baadaye akaanza kufikiri kwamba kasoro ni yeye, kwamba mkewe amemchoka na alikuwa anaona haya kumwambia. Siku moja aliuacha wimbo ukiendelea, akaenda jikoni kunywa maji. Alimkuta Gulzar amekaa kwenye kigoda, hachagui kitu wala hashoni kitu, mikono imelala mapajani.

Akamuuliza ana nini.

"Nasikia kila kitu," alisema Gulzar. "Ila sioni tena wamekaa wapi. Wamerundikana wote sikioni kama watu waliokimbilia kibanda mvua ikinyesha. Siwajui tena, Baba Nida."

Nadir alikaa sakafuni karibu naye. Bingwa alikuwa amewaeleza mengi, lakini hili hakulisema, na Nadir, aliyejua tangu ujana wake kwamba kushoto na kulia hutaka masikio mawili, alishangaa kwamba hakulifikiria hata siku moja.

Wiki nzima alilizungusha kichwani. Ijumaa ilipofika alibeba viti vya meza ya chakula akavipanga sebuleni: kimoja karibu na kabati, viwili upande wa dirisha, kimoja nyuma kidogo kwa mwenye dumbaki. Alimwita Gulzar akamkalisha, akaweka albamu aliyoipenda kuliko zote, kisha akasimama nyuma ya viti, na kila chombo kilipoingia aliweka mkono wake juu ya kiti cha mwenyewe. Mwanamume mwenye mvi, jasho likimtoka kwa sababu feni ilikuwa imezimwa, anakimbia kutoka kiti hiki kwenda kile ili asichelewe. Gulzar alimfuata kwa macho mpaka wimbo ukaisha, na machozi yakawa yanamtoka.

"Nimekuelewa," alisema. "Ahsante, mume wangu. Lakini usiniwekee viti vya watu wasiokuja."

Nadir akavirudisha viti mezani. Tangu siku hiyo muziki haukupigwa. Ijumaa mchana alianza kufungua duka, na wateja wakafurahi, wasijue. Nyumbani mume na mke walizungumza kwa adabu kuliko ilivyokuwa desturi yao, wakipeana chumvi na kushukuriana, na kila mmoja aliona kwamba ndiye aliyemwondolea mwenzake raha yake.

Chumba cha chini, ubavuni mwa duka, alikipanga Lea, fundi cherehani, Mlutheri, mtoto wa Amani kule juu milimani. Baba yake, mzee Fanueli, alifanya kazi kwenye mashamba ya chai mpaka alipostaafu. Msimu wa baridi Lea alikwenda kumsaidia kuhamia nyumba ndogo zaidi, akarudi na santuri moja imefungwa kwenye kanga. Ilikuwa kwaya ya vibarua wa chai, ilirekodiwa kanisani kwao Fanueli angali kijana, na mtafiti mmoja mgeni aliyekuja na mashine moja na maikrofoni moja. Mashine ya mzee ya kupigia santuri ilikufa zamani, na yeye hakuwahi kuisikia tena. Lea aliomba ipigwe kwa Nadir ili airekodi kwenye simu ampelekee.

Nadir alisita, akamtazama mkewe. Gulzar alisema ingekuwa aibu kumnyima mzee kitu kidogo kama hicho.

Lea akaja Jumapili, ametoka ibadani. Nadir aliifuta santuri taratibu, akaisoma, akaona kwamba ni ya maikrofoni moja kama alivyoambiwa. Sauti ile ile ingetoka spika zote mbili. Santuri za namna hiyo alizoea kuzipiga kwa spika moja, zisigombane, basi akachomoa waya wa spika ya kushoto bila kufikiri zaidi. Gulzar alikuwa mlangoni anaingia na sinia la chai.

Sindano ilikwaruza. Kisha, kabla mtu hajaimba, ikasikika mvua juu ya mabati. Ilikuwa mbali. Mtu akakohoa. Halafu wanawake wakaanza, na wanaume wakaingia chini yao, polepole, kama watu wanaobeba kitu kizito pamoja.

Gulzar hakuliweka sinia chini.

"Rudisha mwanzo," alisema.

Nadir akarudisha. Gulzar aliligeuza sikio lake la kulia, akafumba macho, sinia likiinama mikononi mwake.

"Wanawake wako mbele, hapa hapa. Wanaume nyuma yao, hatua chache. Na yuko mmoja mbali, kule mwisho kabisa. Mvua iko nyuma yake." Akafumbua macho. "Baba Nida, huyu mtu amesimama mlangoni."

Nadir alimpokea sinia kwa sababu aliona litaanguka. Alielewa wakati ule ule, na alijiona mjinga. Kushoto na kulia hutaka masikio mawili. Mbali na karibu, sikio moja linatosha. Sauti iliyo karibu inakufikia kavu, iliyo mbali inakuja imebeba mwangwi wa jengo zima. Albamu nyingi alizozithamini zilirekodiwa kila mpigaji na maikrofoni yake karibu, kisha sauti zao zikapangwa kushoto na kulia na mafundi hodari. Hii watu walisimama mbele ya chombo kimoja, wengine karibu, wengine mbali, na aliyekitundika alijua kazi yake. Nadir alikuwa nazo za namna hii chini ya kabati, na miaka yote aliziona duni.

Walisikiliza upande mzima, wakaugeuza, wakaurudia. Lea alisahau kurekodi mpaka mara ya tatu. Chai ilipoa. Gulzar alikaa kochini ameinamia spika ile moja kama mtu anayesengenya na jirani dirishani, akitaja nani kasogea na nani anamfuata nani, na Nadir alimtazama yeye.

Mwisho Gulzar alisema anataka kwenda Amani kumuuliza mzee Fanueli ni nani yule aliyesimama mlangoni.

Walikwenda Jumamosi na gari la Nadir, Lea akiwa kiti cha nyuma, wakapita Muheza wakaianza barabara ya milimani. Mzee Fanueli aliwapokea nje ya kanisa, mwembamba, sweta limefungwa mpaka shingoni. Walimwamkia shikamoo mmoja mmoja. Alikwisha kuisikia kwaya yake kwenye simu ya Lea, na macho yake yalionyesha kwamba hakuisikia mara moja tu. Aliwaingiza ndani, akawaonyesha boriti ilipotundikwa maikrofoni, kisha akamwomba Gulzar aseme yeye kwanza, alisikia nini.

Gulzar akasimama chini ya boriti, akaeleza kama alivyoeleza nyumbani: wanawake, wanaume, na yule wa mvua.

Mzee alikaa kwenye benchi.

"Hosea," alisema. "Hosea alikuwa na sauti kubwa mno. Yule mgeni alimjaribu mbele, akatufunika wote. Akamrudisha nyuma hatua moja, akamrudisha nyingine, mpaka Hosea akafika mlangoni, nusu ya mgongo wake uko nje. Alilowa. Mpaka anaingia kaburini alikuwa ananidai koti, eti mimi ndiye niliyemshawishi aje." Akamtazama Gulzar. "Hilo sijamsimulia hata Lea. Wewe mama, umemwona."

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejifanya hajali, kama alimsikia na yeye Fanueli. Gulzar alisema kulikuwa na kijana mmoja karibu na wanawake ambaye kila mara aliingia akiwa amechelewa kidogo, kama aliyesahau kuvuta pumzi.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alisema ndiye. Safu ya mbele kulikuwa na msichana mwenye shingo ndefu, na mtu hawezi kumtazama msichana na kiongozi wa kwaya kwa wakati mmoja. Alimtazama Lea aliposema hivyo, na Lea, ambaye mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, alimshika Gulzar mkono akamuuliza kama msichana huyo naye anasikika. Gulzar alisema wa safu ya mbele wote wanasikika, na wakirudi nyumbani watakaa wamtafute pamoja, hata wakimaliza Jumapili zote.

Waliagana alasiri, Lea akabaki kwa baba yake mpaka kesho. Njiani kushuka ukungu ulikuwa mwingi na Nadir aliendesha taratibu. Garini sikio zima la Gulzar lilikuwa upande wa dereva, kwa hiyo Nadir hakuhitaji kupaza sauti. Alimwambia kwamba amefikiria kuiondoa ile spika ya kushoto, ampe fundi Kombo ageuze boksi lake kabati, afe ameridhika, na wao wasikilize kwa moja.

Gulzar alikataa.

"Wewe una masikio mawili," alisema. "Mbona uyatie kufuli kwa ajili yangu? Ijumaa moja iwe yangu, tupige hizi za maikrofoni moja. Ijumaa nyingine iwe yako, spika zote mbili."

Nadir alimuuliza siku ya spika mbili yeye atakuwa anafanya nini, choroko?

"Nitakaa na wewe," alisema Gulzar. "Wewe utaniambia wamekaa wapi. Polepole tu, bila kukimbia."

Gari likapita kona, chai ikaisha pande zote mbili na msitu ukaanza. Nadir aliuliza kama anaweza kuanza na ile ya mpiga fidla wa kiti kibovu. Gulzar akasema hiyo hapana, hiyo anaijua. Aanze na mpya.