Mashemeji Watatu Kwenye Jedwali

"Basi niambie wewe mwenye akili," dereva alisema, simu kaishikilia karibu na pua ya jirani yake. "Kesho alfajiri nakanda unga, nachoma mikate, na papo hapo niko mapumziko. Yote saa kumi na moja. Nijikate vipande?"

"Shemeji, punguza sauti," karani alisema kutoka mlangoni kwake. "Jedwali la zamu halikosei."

"Jedwali lako limelewa."

Milango ya koridoni ikaanza kufunguka. Mmoja alikumbuka ghafla nguo alizoanika, mwingine akaja kufagia palipokwisha kufagiwa.

Karani alijua kinachomchoma mwenzake. Kesho mchana mama mkwe wa dereva anakuja kula, yule ambaye tangu harusi anatangaza kuwa mkwewe ni mtu wa kusikika tu, haonekani mezani. Dereva alikuwa ameomba mapumziko mapema kabisa, akapewa. Mkewe naye alishaweka wazi: asipokuwepo, atajieleza mwenyewe.

Lakini karani angekubali vipi kosa? Wiki nzima alikuwa akijipigia debe pale kiwanda cha mikate wanakofanya kazi wote. Ofisi imeweka toleo jipya la programu ya majedwali, na yeye ndiye mpanga zamu. Toleo hilo linapaka rangi lenyewe, linachuja, linatuma zamu kwenye simu ya kila mtu hata hujapepesa jicho. Na leo alikuwa amegundua kitufe cha kuondoa yaliyojirudia. Alipokibonyeza, orodha ya wafanyakazi ikakonda, ikapendeza, mpaka akamwita meneja aje aone urembo.

Alikuwa bado anatafuta jibu la kumkata nalo dereva ndipo wanaume wawili wakapanda ngazi, nyuso kama wametoka mazikoni. Mmoja mkanda unga, mwingine mchomaji.

"Karani, tuambie tu ukweli," mkanda unga alisema. "Tumefukuzwa? Wenzetu wote wamepata zamu, simu zetu kimya."

Karani akauliza, "Kwani nyinyi kwenye jedwali nimewaandikaje?"

"Si vile vile unavyotuita," mchomaji akajibu. "Shemeji."

"Na mimi Shemeji," mkanda unga akasema.

Dereva akamsogezea karani simu yake tena.

Kiwandani pale jina la mtu halikuwa na kazi. Kulikuwa na Mjomba, Dada Mkubwa, Babu, na kila aliyeoa ni Shemeji. Karani naye aliwaandika hivyo hivyo. Kitufe kikaona mashemeji watatu, kikambakiza wa kwanza tu, na zamu za wote zikamwangukia huyo.

"Nilitaka kupunguza msongamano," karani alisema taratibu.

"Umepunguza watu."

Akaleta laptopu, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, watu wakamzunguka kama anacheza bao. Kwa bahati toleo hilo jipya lilitunza jedwali la jana lilivyokuwa. Akalirudisha. Mashemeji wakawa watatu tena. Kisha akaongeza safu ya majina halisi ili balaa lisijirudie.

"Shemeji, jina lako la kwenye kitambulisho?"

Dereva akatazama huku na huku, akainama, akamnong'oneza sikioni. Karani akauma taulo la jikoni lililokuwa begani mwake.

"Usicheke."

"Sijacheka. Naandika."

Simu zikalia moja baada ya nyingine. Mkanda unga akashusha pumzi. Mchomaji akaibusu yake. Dereva akaisoma ya kwake mara mbili: kesho, mapumziko.

Mlango wake ukafunguliwa. "Shemeji, ingia ule, chakula kinapoa," mkewe aliita, kama anavyomwita kila rafiki wa mumewe, hata hakutazama ni nani yuko nje.

Mkanda unga na mchomaji wakavua viatu kwa pamoja. Dereva naye akavua, kwa mazoea ya siku ile.

Karani akafunga laptopu, akajifanya anatafuta ufunguo.

"Na wewe mpunguza watu," dereva akamwambia, "ingia kabla sijabonyeza kitufe."