Joto la Breki ya Alwyn

Nesta Pargeter alikuwa ameinama juu ya kasha la chuma lililofungwa nyuma ya gari, ncha ya bisibisi imeligusa, mpini ameubana sikioni. Ndivyo mafundi wa karakana za Northamptonshire, Uingereza, wanavyosikiliza kitu wasichoweza kukiona. Ndani ya kasha, mlimotolewa hewa yote, mlikuwa na flaiwili: sahani nzito inayozunguka kila dereva anapokanyaga breki, ili mwendo unaokatwa usipotee bure bali uwekwe akiba. Kanuni ilikuwa moja: nati haiguswi mpaka sahani isimame.

"Bado?" aliuliza Alwyn.

"Bado. Na wewe ndiye unayenichelewesha, mzee wangu."

"Nivumilie, dada. Sina namna."

Alwyn Tranter, dereva wa majaribio, alikuwa amekaa ndani ya gari lililopandishwa juu ya magogo, halina hata tairi moja. Alikufa mwezi wa Oktoba, gari hilohilo lilipovamia ukuta kwenye kona ya mwisho ya uwanja. Wiki iliyofuata mazishi alirudi kazini, akaingia upande wake, akafunga mkanda, akakanyaga breki. Tangu hapo hakuinua mguu.

Nesta alikuwa ameagizwa kuitoa sahani ikayeyushwe. Kila asubuhi aliunganisha nyaya na kuumimina mzunguko wake kwenye hita za jengo, na kila ulipokaribia kwisha, mguu wa Alwyn kwenye breki uliujaza upya. Theluji ilianguka nje, ndani watu wakafanya kazi na mashati tu. Mwanamke wa kantini alianika taulo zake huko.

Aliyelifurahia joto hilo kuliko wote ni meneja, Bwana Frayne, mwenye ofisi ya juu. Ndiye pia aliyetangaza kwamba Alwyn alisinzia na hakugusa breki.

Mchana ule Hester, mjane wa Alwyn, alipanda ngazi na kumkuta Frayne ameipa hita mgongo.

"Bwana Frayne, shuka ukautazame mguu wake."

"Nimeuona, Bi Hester. Nampitia kila asubuhi, tunasalimiana vizuri tu."

"Uko wapi huo mguu?"

"Kwenye breki."

"Basi litamke hilo mbele ya watu. Kijijini wananiuliza kama hata kanisani alikuwa akikoroma."

"Kampuni imeshasema alisinzia," alisema Frayne kwa upole. "Haiwezi kusema tena vingine." Akageuka, akanyoosha viganja juu ya hita. "Lakini joto lake, kwa kweli, halina kifani. Mfikishie shukrani zetu."

Hester alishuka. Alimwekea mumewe mapajani mkate wa jibini na achari. Alwyn aliunusa, maana kula alishaacha.

"Amesemaje?"

"Anashukuru kwa joto."

Alwyn alicheka kidogo. Goti lake lilikuwa likitetemeka kwa uchovu.

"Inua mguu, baba. Twende nyumbani."

"Nikiinua, sahani itasimama. Nesta ataifungua, wataiyeyusha. Nani atajua tena kwamba nilikanyaga?"

"Mimi je?"

"Wewe ni mke wangu, Hester. Ushahidi wa mke haufiki mbali."

Hester alizunguka upande wa pili, akaingia, akafunga mkanda, kisha akaweka kiganja juu ya goti lile na kulikandamiza chini, kumsaidia.

Sahani ilikuwa imejaa tena. Hata bila kuinama, Nesta aliisikia ikiimba kwa sauti nyembamba. Akaning'iniza spana ukutani.

"Nitajaribu kesho," aliwaambia.

"Kesho," alisema Alwyn.

Nesta alikuwa amefika kizingitini, koti mkononi, Frayne aliposikika kutoka juu.

"Nesta! Funga huo mlango, joto linapotea!"

Nesta akaufunga.