Figo ya Oddmund

Gunnvor alipanda kwenye mizani huku ameshika ukuta, akaisoma namba kabla yangu, akatukana kwa sauti ndogo.

"Kilo tatu zaidi," alisema. "Na sijanywa kitu, Jorid. Supu tu."

"Supu ni maji."

"Supu ni chakula. Muulize mtu yeyote."

Nilikuwa nimemaliza masomo ya uuguzi kiangazi kile, na chumba cha kusafisha damu katika hospitali yetu ndogo ya pwani ndicho kilikuwa kituo changu cha kwanza. Nilikuwa bado naamini kwamba mgonjwa akieleweshwa vizuri, kwa upole, mambo yatakwenda. Nilimweleza Gunnvor kuhusu supu kila alipokuja. Alinisikiliza kwa upole vilevile, akarudi na kilo tatu.

Figo zake zilikuwa zimechoka kabla yake. Vile vichujio vidogo mno vinavyotenga uchafu na damu vilivimba miaka ya nyuma, vikageuka makovu kimoja baada ya kingine, mpaka mkojo ukapungua ukawa wa kujaza kijiko tu asubuhi. Maji yote aliyokunywa yalibaki mwilini, kwenye vifundo vya miguu na mapafuni, yakisubiri mashine yetu. Mara tatu kwa wiki alivuka ghuba kwa feri, akakaa kitini saa nne akiwa na sindano mbili nene mkononi, damu ikitoka kwa moja na kurudi kwa nyingine. Akifika nyumbani hawezi kuinua ndoo. Kesho yake anaanza kupata nguvu kidogo. Keshokutwa anarudi kwetu.

"Nawauza," aliniambia siku moja ya Oktoba, macho kwenye dari.

"Nani?"

"Kondoo. Kundi zima. Majike wakianza kuzaa majira ya kuchipua, lazima mtu awe zizini mchana na usiku. Oddmund peke yake hawezi, na mimi nipo hapa nachujwa kama chai. Mnunuzi anataka jibu kabla theluji haijakaa."

Kundi lile lilikuwa la mama yake, na kabla ya hapo la bibi yake. Alifumba macho, na mashine ikaendelea kuzunguka.

Kulikuwa na njia nyingine, naye aliijua. Daktari Nakstad alishamwambia: mashine ndogo inaweza kufungwa nyumbani, mtu akajipangia siku na saa zake mwenyewe. Ila lazima awepo msaidizi aliyefundishwa, anayekaa karibu. Gunnvor alijibu kwamba hana mtu.

Oddmund, mdogo wake wa kiume, aliishi ng'ambo ya uwanja wa shamba hilohilo. Ndiye aliyemleta kila safari. Hakuwahi kuingia ndani. Alikaa garini saa zote nne.

Huku kwetu, ukitaka kuezeka ghala unaitisha msaragambo, majirani wanakuja na nyundo zao, wanakunywa kahawa na kula vikeki vya wafeli, wanakwenda zao. Hilo halina aibu. Lakini kumwomba mtu mmoja, uso kwa uso, kitu kilicho chake, ni kumbana ukutani, maana atashindwa kukataa. Kwa hiyo huombi. Unasubiri ajitolee mwenyewe. Naye, akiwa na adabu, hajitolei kwa jambo ambalo hakuombwa, asije akaonekana anakudharau. Nimezaliwa huku, na hata mimi sijui huwa tunasaidianaje.

Siku moja presha ya Gunnvor ilishuka ghafla, misuli ya miguu ikambana akalia kwa uchungu. Tulipomtuliza, nilitoka nje kumwambia Oddmund kwamba watachelewa. Vioo vya gari vilikuwa na ukungu. Alikuwa anakula mikate yake iliyopangwa kwenye karatasi, kipande juu ya kipande.

"Amekufa?" aliuliza.

"Hapana! Presha imeshuka, tunampumzisha. Atachelewa kidogo."

"Aa." Alitafuna. "Basi feri ile imetupita."

Niligeuka kuondoka.

"Hebu, binti. Mtu anahitaji figo ngapi?"

Niliingia garini. Alinipa karatasi moja ya mikate na penseli, nikamchorea: figo mbili, umbo la maharage, kila moja ukubwa wa ngumi, nyuma ya tumbo chini ya mbavu, huku na huku ya uti wa mgongo. Mrija mmoja kutoka kila figo kushuka hadi kibofu. Kisha njia moja ya mwisho, ya kutolea mkojo nje.

"Kama mabomba ya zizini," alisema.

"Karibu sawa. Ila figo zinapima pia chumvi na presha, na zinauambia mwili utengeneze damu."

"Na moja inatosha?"

"Kwa mtu mwenye afya, ndiyo, akishapimwa. Lakini sikuja kukuomba, Oddmund. Siruhusiwi, na wala sitaki."

"Najua hukuja kuniomba. Hakuna aliyeniomba. Ndiyo shida yenyewe. Miaka mitatu namsubiri aniombe."

"Huenda naye anasubiri wewe ujitolee."

"Hilo sijui. Hatuzungumzi mambo hayo."

"Sasa safari yote hiyo mnazungumza nini?"

Alifikiri. "Barabara."

Safari iliyofuata, Gunnvor alipanda kwenye mizani bila kutukana.

"Unajua kaniambia nini juzi kwenye feri?" alisema. "Anaangalia majini tu, anasema, 'Wiki ijayo nakwenda mjini. Wananipiga picha za figo.' Hivyo hivyo, kama anakwenda kununua misumari."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia avae soksi zisizo na matundu."

Aligeuza uso upande wa dirisha. Baadaye nilimsikia kwenye simu akimwambia mnunuzi asubiri.

Sitaficha kwamba nilianza kuota. Nilipokuwa nasafisha kiti chake nilimwona yuko zizini, mwili una nguvu, anakunywa kahawa kikombe kizima bila kukipima. Vipimo vya mwanzo vya damu yake na ya Oddmund vilikubaliana vizuri kuliko hata daktari alivyotarajia.

Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka Nakstad alipowaita wote wawili, nami nikaambiwa nikae nao. Oddmund alivua kofia. Picha ilikuwa kwenye skrini, kijivu na nyeusi.

"Hii ni figo yako ya kulia," alisema daktari. "Ni kubwa kuliko kawaida."

"Vizuri basi," alisema Oddmund.

"Ni nzuri sana. Ya kushoto haipo."

"Imekwenda wapi?"

"Haikuumbika. Ulizaliwa na moja, Oddmund. Hutokea, na wengi hawajui mpaka wapigwe picha kwa sababu nyingine. Hii moja ikakua, ikafanya kazi ya mbili maisha yako yote. Hatuwezi kuigusa."

Nje gari la kuondoa theluji lilipita, likarudi. Oddmund aliizungusha kofia mikononi.

"Miaka mitatu," alisema polepole, "silali vizuri kwa ajili ya kitu ambacho sina."

Gunnvor alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea kitambaa. "Na mimi miaka mitatu nimekununia kwamba unaing'ang'ania figo yako! Masikini wa Mungu, unang'ang'ania hewa!"

Oddmund naye akacheka kidogo, puani. Kisha kicheko kikaisha, na uso wa Gunnvor ukarudi kama ulivyokuwa, wa mtu aliyetembea mbali akakuta daraja limebomoka.

"Jina lako bado limo kwenye foleni ya figo za marehemu," Nakstad alimwambia Gunnvor. "Na lile la mashine ya nyumbani liko palepale, ukipata msaidizi."

"Sina mtu," alisema Gunnvor. Mdogo wake alikuwa amekaa karibu naye kiasi kwamba mikono ya makoti yao iligusana. "Nitampigia mnunuzi keshokutwa, nikitoka kwenye mashine."

Niliingia chumba cha mashuka nikalia, nikanawa uso, nikaendelea na kazi.

Siku hiyo ya mashine ilipofika, nilikuwa nimeshamchoma Gunnvor sindano zote mbili mlango ulipofunguliwa. Oddmund alisimama pale akiwa na soksi tu, viatu amevishika mkononi. Soksi hazikuwa na matundu.

"Unafanya nini humu?" aliuliza Gunnvor.

"Garini kuna baridi."

"Miaka mitatu hakukuwa na baridi?"

"Nimezeeka." Alivuta kiti, akakaa, akautazama mrija wenye damu. "Huu unatoa au unarudisha?"

"Unatoa," nilisema. "Damu inapita kwenye kichujio hiki, ndicho figo yake sasa. Ule mwingine unairudisha."

"Na ukichoma pasipo penyewe?"

"Mkono unavimba. Unachomoa, unabana, unaanza tena mahali pengine."

"Mm. Na hiki kinacholia?"

Aliuliza hivyo saa nzima. Nilimjibu kila swali na sikuthubutu kumtazama Gunnvor. Mwishowe ndiye aliyesema, akiiambia dari:

"Mimi sijakuomba kitu, Oddmund."

"Sijasema umeniomba."

"Basi sawa."

"Sawa."

Nikaenda kumtafuta daktari haraka, kabla hawajabadili mawazo.

Mafunzo yalikula majira yote ya baridi. Maji ya kisima chao yalipimwa, fundi umeme akaja, chumba cha wazazi kikaondolewa vitu na kupakwa rangi. Oddmund alifanya mazoezi ya sindano kwenye mkono wa plastiki, lakini mara ya kwanza kwenye mkono wa dada yake alisita, sindano ikiwa hewani.

"Umechinja kondoo tangu ujana wako," alisema Gunnvor, "leo unaogopa sindano?"

"Kondoo haniangalii hivyo."

Gunnvor akaangalia dirishani badala yake. Oddmund akachoma, damu ikapanda kwenye mrija, naye akakaa chini ghafla kama mtu aliyetua gunia. Gunnvor hakumpigia mnunuzi. Mnunuzi alipopiga yeye, alimwambia barabara ni mbaya mwaka huu.

Niliwapigia majira ya kuchipua, majike wakiwa katikati ya kuzaa, kuuliza uzito na presha. Oddmund ndiye aliyeshika simu. Alinisomea namba moja moja, sauti yake nzito kwa usingizi.

"Amenichoma mara mbili leo!" Gunnvor alipaza sauti kutoka mbali.

"Ya kwanza ilikuwa ya kupasha mkono moto," alisema Oddmund. "Kaa kimya, unapandisha presha."

Sauti zao zilikuwa zimechoka sana, zote mbili. Uzito ulikuwa umezidi kilo moja na nusu tu. Kisha, karibu kabisa na simu, kitu kililia kwa sauti nyembamba, ya njaa.

Kanuni ya kwanza niliyowafundisha ni kwamba mnyama haingii chumba cha mashine.

"Hiyo ni nini?" niliuliza.

"Redio," alisema Oddmund.

Nilimwambia aitoe redio hiyo kabla hajachomoa sindano, na anawe mikono hadi viwikoni.