Kwenda ni Saa Sita

Mshona nguo alifika uwanja wa ndege mapema, amevaa viatu vinavyombana kwa kuwa ndivyo alivyokuwa navyo vya heshima. Safari ilikuwa ya saa sita. Ndege ikatua kwa wakati, abiria wakatoka wakiburuta masanduku, wakakumbatiwa, wakaenda zao. Binti yake hakutoka.

Karani wa wanaowasili alitazama kompyuta yake, akasema binti yupo, ila kiti chake bado kiko angani.

"Ndege si hiyo hapo nje?"

"Ndiyo, mama. Kwa wengine imefika. Mwanao alikuwa mfanyakazi wa ndani huko, na tajiri wake hajamwachia. Mpaka tajiri aseme basi, njia yake haiishi."

Kisha akamwonyesha benchi. Mbao zake zilikuwa zimelainika kwa kukaliwa na kina mama, nao wakajibana apate nafasi. Mmoja wao alikuwa akifuma sweta la mtoto ambaye kwa sasa angekuwa na ndevu.

Karani alikuwa mtu mwema, akampigia tajiri simu. Tajiri akasema ana wageni, hana wa kumpigia pasi, na huyo binti aliondoka bila kuaga. Akaongeza kuwa miguu ya binti ilikuwa imevimba, ila ule ni uvivu tu. Mama aliyasikia yote akiwa amesimama pale pale. Alitamani kuing'ata ile simu.

Tangu hapo binti alipiga simu kila jioni, ndege inapopita juu ya mtaa wao. Alisema anaona bati la nyumbani, na lile blanketi jekundu ambalo mama alilianika uani ili mwanawe asipotee. Mama alimwuliza amekula nini. Mkate na jibini. Mama hakuwahi kuipenda jibini, lakini alimwambia aimalize yote. Majirani walipunga mkono, kisha wakaendelea kufua.

Miguu ya binti ikazidi kuvimba, na pumzi ikaanza kukatika katikati ya maneno. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: mama alirudi uwanjani, akalia mbele ya karani bila kujifuta. Tajiri hakupokea simu. Siku hiyo sanduku refu la mbao lilishushwa mlango wa mizigo, na yule mfumaji akaitwa kutia sahihi. Akaliweka sweta juu yake, sindano zikiwa bado zimo. Ghorofani, kwa wanaoondoka, wasichana walikuwa kwenye foleni, wakipigana picha.

Jioni simu ikalia.

"Mama, nimemwuliza mhudumu wa ndege. Amesema walioko chini, kwenye mizigo, hufika kwa saa sita zile zile. Hawaombi ruhusa ya mtu."

"Usimsikilize."

"Nimechoka, mama. Nikilala tu, kesho niko nyumbani."

Mama alitoka uani, simu sikioni. Ndege ilikuwa juu kabisa ya paa, taa zake zikiwaka. Alikuwa ameomba mwanawe ashuke mpaka magoti yakaota sugu. Akaushika ukingo wa blanketi, akalianua, akalikunja, akalikalia.

"Blanketi nimelitoa," akasema. "Hapa hakuna mtu wa kumfuata. Kaa huko huko."

Pumzi ya binti ilisikika simuni.

"Haya, niambie," mama akasema. "Leo umekula nini?"