Likizo ya Fundi wa Rangi

Siku ya tatu ya likizo yangu, mke wangu aliniomba nitoke niende popote, hata kama ni kusimama tu barabarani. Nilikuwa nimeshapanga upya makabati ya jikoni mara mbili, na nimeifungua redio iliyokuwa nzima nikashindwa kuirudisha. Simu sikuiweka chini. Nilikwenda nayo hata bafuni.

Likizo yenyewe sikuiomba. Meneja mpya wa kiwanda chetu cha kuchapa maboksi ana utaratibu wake: kila mkuu wa kitengo akae nyumbani wiki nzima, watu wake waendeshe kazi wenyewe, wakikwama wampigie.

"Sitaki fundi ambaye akishikwa na mafua kiwanda kizima kinalala," aliniambia. "Nataka fundi anayefundisha."

Akaongeza kwamba kitengo kitakachofanya vizuri, mkuu wake ndiye atakayepewa kazi ya kufundisha vitengo vingine. Hayo ya mwisho yalinipita. Nilichosikia mimi ni kwamba natafutiwa mlango wa kutokea.

Miaka kumi na tisa nimechanganya wino. Mteja akileta boksi la dawa ya meno, naliangalia dakika moja nakwambia nyekundu kiasi gani, njano kiasi gani, nyeusi chembe tu. Vipimo vyote nimeviandika kwenye daftari moja la jalada gumu, linalokaa kwenye droo ya meza ya kuchanganyia. Jioni ya kuondoka nikalitia mkobani, nikaenda nalo nyumbani. Hakuna aliyeniona. Wiki hiyo kulikuwa na kazi ya rangi nne ya mteja mkubwa, na nilijua bila daftari hawafiki popote. Basi nikakaa mkao wa kula, nikisubiri simu.

Niseme ukweli: niliomba wakwame. Niliomba kama mkulima anavyoomba mvua.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Jumatano simu ikalia, nikaruka, kumbe shemeji anataka kuazima ngazi. Nilimjibu vibaya, maskini wa watu. Mke wangu, ambaye hahitaji kuambiwa jambo ili alijue, akaniuliza kuna nini kwenye huo mkoba ninaouhamisha kila chumba ninachoingia. Nikasema karatasi. Akasema mficha uchi hazai, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi uvumilivu ulinishinda. Nikajiambia naenda kuchukua mwavuli wangu. Njia nzima nikajiuliza. Kama wamekwama, mbona hawapigi? Na kama hawajakwama, mimi ni nani pale? Mlinzi wa getini akanikumbusha kwamba niko likizo. Nikampita kama sikumsikia.

Mashine ilikuwa inanguruma. Ukuta mzima wa chumba cha kuchanganyia ulikuwa umebandikwa vipande vya karatasi vyenye rangi, karibu vyote vimekosewa: rangi ya machungwa iliyozama ikawa kahawia, zambarau iliyopauka. Chini ya kila kipande pameandikwa kosa, sababu, na jina la aliyekosea. Cha saba kilikuwa cha meneja mwenyewe. Sababu yake aliiandika hivi: nilijifanya najua.

Msaidizi wangu, binti tunayemwita Polepole kwa mwendo wake, alikuwa anabandika cha arobaini na mbili. Wino ulimfika viwikoni. Aliponiona akasawijika.

"Shikamoo, Fundi. Nani amekwambia?"

"Marahaba. Aniambie nini?"

"Daftari lako limepotea." Alisema taratibu, kama anayeleta habari za msiba. Jumatatu walifungua droo hawakuliona. Wakapekua kila mahali, hadi kwenye taka, wakadhani limetupwa pamoja na mabaki ya karatasi.

"Mbona hamkunipigia?"

"Tuliogopa presha itakupanda. Kazi ya miaka yote ile. Tukasema bora ukirudi ukute tumeshaanza kukuandikia lingine."

Akanionyesha. Rangi tatu zilikuwa tayari, vipimo vimeandikwa kwa mwandiko wa watu mbalimbali. Nikaitazama ile ya machungwa iliyotoka mashineni. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: ningesema nimeliokota kabatini, wakanishangilia, yakaisha. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka. Nikachukua kipande cheupe cha karatasi nikaandika. Kosa: nililichukua daftari nikaenda nalo nyumbani. Sababu: niliogopa mtaweza. Nikaweka jina langu, nikakibandika.

Polepole akakisoma. Akakisoma tena.

"Siku nne, Fundi," akasema. "Mzee wa usafi ameingia kwenye taka hadi magotini kwa ajili yako."

Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Yeye akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akawaita wenzake waliokuwa mashineni. Walipofika wote akanisogezea kisu cha kuchanganyia.

"Kijani imetushinda," akasema. "Tuonyeshe. Lakini kila unachofanya ukiseme kwa sauti, wote tusikie."

Nikafungua kopo la njano, nikagundua sijui nianze kusemaje. Miaka yote hiyo nilikuwa nachanganya nimefunga mdomo.